Upande Wako Ukoje

...na huyo Lowell anauliza tena, upande wako ukoje, mama, kana kwamba yeye hana macho, kana kwamba chumba kizima cha kulala cha lori hakining'inii mbele ya pua yake mwenyewe kwa minyororo ya kreni, cheupe, kinang'aa, kirefu kuliko jiko la nyumba waliyoiuza, na Ardith akajibu kama alivyojibu mara ya kwanza na ya pili, bado, hakijakaa, akazungusha kikombe cha karatasi chenye kahawa iliyokwisha kupoa na kurudi nyuma ya mstari wa njano, kwa sababu Ervin Yutzy, fundi mkuu, alikwisha kumwambia kwa upole wa watu wake, upole unaoudhi, kwamba mstari ule ulichorwa ili wageni warudi nyumbani na vidole vyao vyote, basi yeye na vidole vyake wamesimama hapo tangu asubuhi, upande wa abiria, upande wake wa miaka yote, wakiwatazama wanaume wenye ndevu zisizo na masharubu wakilisogeza lile lidude juu ya chesi ya lori, ile mifupa ya chuma nyuma ya kebini, mbele kidogo, nyuma kidogo, halikai, na kila likikataa wanaambizana jambo kwa Kijerumani chao cha nyumbani, ambacho yeye hakijui, ila sauti ya mtu anayesema kosa si letu anaijua, sauti hiyo haihitaji mkalimani. Na kweli kosa si lao. Watu hawa, ambao wamefunga farasi wao pale nje kwenye reli, ambao kwa dini yao hawatamiliki gari hadi siku ya kuzikwa, wanawajengea wenye malori vyumba ambavyo mlango wa kabati ukiufunga husikii hata mlio, kosa ni la Lowell, mume wake, bwana mkaidi, aliyepima chesi mwenyewe huko Nebraska kwenye uwanja wa kuegesha malori, kwa tepu, amepiga magoti kwenye theluji, simu ameibana begani, anamsomea Ervin namba ili vishikio vichomelewe mapema, maana kulileta lori hapa Shipshewana lipimwe na wenye kazi kungekula siku nzima bila maili, na malipo ni kwa maili, na dereva wa barabara kuu ya themanini yuko radhi ang'olewe jino kuliko kukaa siku nzima bila maili, na yeye Ardith alishuka na koti juu ya nguo za kulalia akamwambia nipe nikusomee, akajibiwa kwamba kusoma namba mtu hasahau, rudi ukalale, zamu yako bado, na haya ndiyo matokeo yake, vishikio viko nyuma inchi mbili kuliko vinavyotakiwa, ule mpira mnene wa kuunganisha chumba na kebini haufiki, umeacha mwanya ambao mvua ya kwanza ya Ohio itaingia bila kubisha hodi, na Lowell amesimama upande wa pili mikono mifukoni anasema mimi nilisoma sawasawa, Ervin, mimi nilisoma sawasawa, na Ervin anasema ndiyo, Lowell, hapana shaka, na kuwasha mtambo wa kuchomelea.

Afadhali kisikae, anawaza, Mungu amsamehe, afadhali kikatae kabisa, kwa sababu kikikaa bolti zitaingia, na bolti zikiingia yale maneno anayotembea nayo kifuani tangu kiangazi yatakuwa hayana kazi tena, aliapa atayasema kabla ya bolti, aliapa jana akiwa anakunja nguo kwenye mashine za kufulia, akaapa tena asubuhi hii wakati Lowell ananyoa ndevu na kuimba, na sasa ni karibu saa ya chakula cha mchana, mafundi wataweka zana chini na kuinamisha vichwa kuomba, kisha watarudi na kufunga bolti na yeye bado amekishika kikombe hiki. Maneno yenyewe si mengi. Lowell, unasinzia kwenye usukani. Hayo tu. Mtoto angeyasema. Lakini hayo tu kwa mtu ambaye tangu ana nywele kichwani hajawahi kugusa hata kioo cha mwenzake, ambaye madereva wenzake wanamwita Profesa, ambaye akirudisha trela nyuma kwenye nafasi finyu wanaume wanaacha soseji zao na kutoka nje kutazama, hayo tu ni kumvua nguo mbele ya watu, na bado kila siku mchana, yeye Ardith akiwa amelala nyuma ya pazia, amelala ni neno tu, amejinyoosha na macho makavu yanatazama dari, anasikiliza, gurudumu likigusa ile mistari ya kukwaruza kwenye ukingo wa barabara, krrrr, kisha linarudi barabarani, kisha kimya, kisha tena krrrr, mchana kweupe, jua linawaka, mtu mzima anasinzia, na ile siku ya Wyoming lori la ng'ombe lilipopiga honi ndefu na yeye akajigonga paji la uso kwenye kabati, akachungulia kwenye pazia akauliza kuna nini, Lowell akasema upepo, na majani kando ya barabara hayakutikisika hata moja, na yeye akasema ah, upepo, akarudi kulala, akarudi kujinyoosha. Miaka yote wameendesha kwa zamu, mmoja usukani, mmoja kitandani, lori halisimami, godoro halipoi, anaingia kwenye joto la mwili wa mwenzake na mwenye joto keshaondoka, ndoa gani hii, kila mmoja ameoana na mtu anayemjua zaidi kwa mkoromo, watu wanadhani mume na mke kwenye lori moja wanaongea usiku na mchana, wataongea saa ngapi, akiamka huyu yule anavua viatu, wanapishana mlangoni, kuna kahawa kwenye chupa, kituo cha ukaguzi kimefungwa pale kilima cha pili, lala salama, basi. Kompresa ile ya upepo kule pembeni inanguruma kama inalipwa kwa kelele, na juu ya mngurumo wake Lowell anapaza sauti anamweleza Ervin kitu, ...haijalishi... ...mimi mwenyewe ndiye..., na mengine yanamezwa.

Na mlango. Mlango ndio unaomkaba. Chumba cha zamani kilikuwa na pazia, kitambaa tu, lakini kupitia kitambaa anasikia gia, anasikia breki, anasikia Lowell akikohoa, kwa masikio yale yale anaendesha lori akiwa amelala chali, na sasa Lowell ameagiza mlango, mlango wa kweli, mzito, umejazwa sufu ya kuzuia sauti, Ervin aliufungua na kuufunga mbele yao asubuhi kwa fahari akasema ukiwa ndani hutasikia hata honi yako mwenyewe, na Lowell akacheka akasema ndicho ninachotaka, ndicho anachotaka, anataka kumfungia mke wake ndani ya sanduku zuri jeupe asisikie krrrr, asisikie chochote mpaka dakika ile ya mwisho ambayo watu wote wanaisikia. Amechoka naye, labda. Labda ni hilo tu, mwanamume amemsikia mke wake akigeuka kitandani mwaka mzima na amechoka, anataka ukuta. Maana ukiangalia hakuna kitu hata kimoja ndani ya lile lichumba kilichotengenezwa kwa ajili yake yeye Ardith, na aliahidiwa, siku walipofunga mlango wa nyumba mara ya mwisho akasimama jikoni, jiko lenye dirisha linalotazama mahindi ya jirani, akalia kidogo, si sana, Lowell akamwambia usilie, mama, jiko utalipata, nitakujengea jiko lenye magurudumu, na jiko kweli limo, lina sinki, lina oveni, lina droo zisizofunguka zenyewe kwenye kona, ila meza yake imewekwa juu, juu kabisa, jana alipopanda kulitazama, chumba kikiwa bado chini sakafuni, alisimama mbele ya meza ile na ikamfika kifuani, atakata karoti mikono ikiwa hewani kama anaombewa, akasema Lowell, hii nani ameipima, Lowell akasema utazoea. Atazoea. Yeye mrefu kama nguzo ya simu na tangu waoane hajawahi kukaanga hata yai, anajipimia jiko. Na kiti cha dereva, mwezi uliopita alinunua kiti kipya cha dereva, akakifunga mwenyewe, kifupi, kimesogea mbele, magoti yake yanagonga usukani kila akipanda, anapanda kama anaingia kwenye pipa, na ukimwambia kirudishe dukani anasema kiache, mgongo unakipenda, mtu akinunua kibaya kwa ukaidi atakikalia kwa ukaidi huohuo. Na kitanda, kitanda kipana cha watu wawili, cha nini, kwa watu ambao hawajawahi kulala kwa wakati mmoja, anauliza tu, cha nini. Na uvivu, uvivu mpya huu wa mwaka huu, hotelini hafungui hata orodha ya vyakula, niagizie kama chako, mama, na barabarani jioni wakipishana zamu anachelewa kwenda kulala, anakaa kiti cha abiria, kile kibao kinasemaje, nisomee, napenda sauti yako, sauti yake, miaka yote hakuipenda, imempendeza mwaka huu, na zamu ya usiku yote amemwachia yeye kwa kisingizio cha tumbo, ...si hapo, Ervin, juu zaidi... ...mwenyewe nitazoea..., kompresa inanguruma, chumba kinazunguka polepole kwenye minyororo kinamwonyesha ubavu, na yeye anaweka kikombe chini, anafungua mdomo, sasa, atavuka mstari wa njano, atazunguka nyuma ya chesi, atamshika mkono mbele ya mafundi hawa wapole na kusema Lowell, unasinzia, simamisha kazi, na mguu wake wa kulia ukanyanyuka kweli.

Kompresa ikazima. Ilijaa upepo ikazima yenyewe, ghafla, na Lowell, ambaye alikuwa anapaza sauti kuishinda, akabaki anapaza sauti peke yake ndani ya karakana iliyotulia.

"Usiishushe hiyo meza, nimekwambia. Iache hapohapo."

"Lakini bibi yako mfupi, Lowell," Ervin akasema, sauti yake ya kawaida tu, ila sasa ilifika. "Nilimwona jana. Atakatia wapi vitunguu?"

"Hatakata yeye. Nitakata mimi, ndugu yangu. Mpishi wa gari hili ni mimi. Yeye ana kazi ya kuendesha."

Mguu wa Ardith ukarudi chini taratibu, ukakanyaga mstari wa njano. Akamsikia Ervin anauliza mikanda ya kitandani, ile ya kumfunga mtu akilala gari likiwa linakwenda, aweke miwili au mmoja, na Lowell akajibu mmoja, wa kwangu, huyo mwingine akitaka kulala atasimamisha gari kama binadamu. Huko nje farasi mmoja akapiga kwato. 

"Anajua?" Ervin akauliza.

"Hajui. Daktari kaninyima kadi yangu ya kuendesha juzi Jumanne. Jicho la kulia limekwenda, la kushoto liko njiani. Nilijua tangu mwaka jana, nikawa najidanganya. Namwambia bolti zikishaingia. Nikimwambia leo atasema tuuze kila kitu tukaishi kwa binti yetu, na mimi nikilala wiki mbili nyumba isiyokwenda popote, nakufa."

"Kwetu mwanamume humwambia mke wake kwanza."

"Kwenu mna farasi, Ervin. Farasi anaona njia mwenyewe."

Jumanne. Jumanne alirudi kutoka kwa daktari anapiga mluzi, akasema moyo wangu ni wa kijana, akamnunulia pai ya cheri, na yeye akaila, akaila yote na kulamba uma, Jumanne, mwongo mkubwa huyu, macho, si usingizi, ni macho, hakusinzia hata siku moja, alikuwa macho, alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili hana hakika mstari uko wapi, anausikiliza mstari, krrrr ndiyo iliyokuwa inamwambia barabara imeishia hapa, alikuwa anaendesha kwa masikio na yeye nyuma ya pazia anaendesha kwa masikio, vipofu wawili ndani ya lori moja tani arobaini na kila mmoja anamficha mwenzake, tangu mwaka jana, anasema kwa ulimi wake tangu mwaka jana, angeweza kuua watu, lile lori la ng'ombe, yule mtu aliyepiga honi ana jina, ana mke, na yeye Ardith aliyesema ah, upepo, akarudi kujinyoosha, yeye je, angejibu nini. Hasira inampanda mpaka masikio yanawaka, anataka kulipita lile lichumba chini kwa chini akamshike ukosi wa ovaroli, anataka kumpiga kwa kile kikombe, kikombe cha karatasi, atampiga nacho vipi, na katikati ya hasira ileile mambo yanaanza kugeuka moja moja bila kumwomba ruhusa, namba za tepu kwenye theluji, inchi mbili, alipiga magoti pale namba zinacheza mbele yake akasema zilizomjia ili asiseme njoo unisomee, niagizie kama chako, kile kibao kinasemaje, na kiti, kile kiti kifupi kilichosogea mbele, lile pipa, akatazama kebini kupitia dirishani akakiona kiti, akakiona vizuri sasa, ni cha mtu mwenye miguu mifupi hasa, miguu ya Ardith, mwezi mzima mzee amekunja magoti kwenye kiti cha mke wake akasema mgongo unakipenda. Meza ya jiko ni ya mpishi mrefu asiyejua kukaanga yai. Mlango mzito ni ili mpishi huyo na redio yake ya besiboli na kelele zake kila timu ikifungwa asimsumbue dereva. Na kitanda. Dereva mmoja hawezi kwenda usiku na mchana, sheria haimruhusu, jioni atatafuta pa kuegesha, atazima injini, lori litasimama, litasimama usiku kucha wala hakuna atakayelisukuma, na watu wawili wataingia kwenye kitanda kipana kwa wakati mmoja, godoro litakuwa baridi, itabidi walipashe joto wenyewe, anaona aibu hapo aliposimama, mwanamke mzima, mbele ya mafundi, uso unamchemka, halafu anakumbuka kwamba hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Amepewa lori kama mtu anavyopewa ng'ombe wa urithi, endesha, Ardith, mimi nitakata vitunguu, na hajui kama amekasirika zaidi kwa kutoulizwa au kwa sababu angeulizwa angekubali, maana angekubali, hilo ndilo linalomuudhi hasa, angekubali siku ileile Nebraska kwenye theluji, kama tu yule mkaidi angeinua tepu na kusema sioni.

Kompresa ikawaka tena. Mafundi wakashika kingo za chumba kwa glavu, Ervin akainua mkono kwa mtu wa kreni, lile lidude likashuka kidogo, likasimama hewani, limeinama, na kutoka pale alipo Ardith aliona wazi kona ya nyuma ya upande wake imepanda, mtoto angeiona, na upande wa pili, kupitia nafasi kati ya chumba na kebini, akamwona Lowell. Alikuwa amesogea karibu sana, pua yake karibu iguse rangi nyeupe, amekunja uso, kiganja chake kinapapasa ule mpira kutafuta mwanya uliokuwa hapo hapo mbele yake, wazi, unapitisha mwanga. Akaupita. Kiganja kikarudi, kikaupita tena.

"Upande wako ukoje, mama?"

Angeweza kusema bado. Angeweza kusema Jumanne, Lowell, ulisemaje Jumanne, na atasema, leo, kabla jua halijazama atamkalisha kwenye ngazi za lori na atasema yote, ya Lowell na yake mwenyewe, ya upepo wa Wyoming, hamwachii hata moja. Lakini pale mtu alikuwa ameulizwa swali, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alilisikia kuwa ni swali. Akatoka upande wa abiria. Akafuata mstari wa njano mpaka mbele ya lori, akazunguka taa, akaenda kusimama upande wa dereva, mahali ambapo aliweza kuziona pande zote mbili kwa pamoja, na huyo Lowell akiwa ameinama pale hatua chache tu kutoka kwake.

"Juu kuna mwanya wa vidole viwili," akasema, kwa sauti ya kuishinda kompresa. "Chini umebana. Kona ya nyuma, kule kulia, imepanda. Mwambie Ervin alegeze mnyororo wa kule, kidogo sana, na asisimame mpaka nimwambie."

Lowell akageuza kichwa. Hakuuliza kwa nini sauti ya mke wake inatokea upande huu. Mkono wake ulikuwa bado juu ya ule mpira, na vidole vikatambaa juu mpaka vikaukuta mwanya aliotajiwa, kama mtu anayetafuta pa kuweka miguu gizani.

"Umesikia," akasema mwishowe, na hakuwa anaongea na Ervin.

"Nimesikia. Mnyororo, Lowell."

"Ervin," Lowell akaita, "legeza wa nyuma kulia. Msikilize yeye." Akaondoa mkono kwenye chumba, akausogeza hewani mpaka ukaupata mkono wa koti la Ardith, akaushika hapo. "Haya, mama. Wewe sema tu."

Juu yao chumba kilikuwa bado kinaning'inia.